Mchagua jembe

Kwenye kompyuta yangu kuna folda inayoitwa "gemu". Ndani yake zimo folda nyingine 12. Nilizihesabu juzi nilipokuwa natafuta nafasi ya kuhifadhi picha. Ya kwanza inaitwa "gemu1", ya pili "gemu_mpya", ya tatu "gemu_mpya_kweli", na kuanzia hapo majina yanazidi kunitia aibu. Ukizifungua, karibu zote zina kitu kilekile: mraba mmoja unaokwenda kushoto na kulia. Mraba wa kwanza uliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Python, wa pili kwa C#, wa tatu kwa Lua, wa nne hata sikumbuki. Hakuna hata mmoja uliowahi kuruka.

Huo ndio ushahidi wa mwaka mmoja na miezi kadhaa niliyoitumia kuchagua injini ya kutengenezea gemu. Kutengeneza kwenyewe nilikuwa sijaanza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa muda mrefu niliamini methali hiyo ilitungwa kwa ajili yangu. Siku hizi naikubali nusu. Ni kweli kwamba anayezunguka akipima majembe analikwepa shamba. Lakini nimewahi pia kushika jembe zito kuliko mikono yangu, na mtu aliyeelemewa ukimtazama kwa mbali anafanana sana na mvivu. Basi hapa naeleza nilivyochagua vibaya, kisha nikachagua vizuri kidogo, kwa faida ya yeyote anayeanza leo na ambaye tayari ameshafungua video nane za kulinganisha injini.

Hizo video nazijua. Nilikuwa na jedwali. Lilianza na safu tano: jina la injini, lugha yake, bei, leseni, ukubwa wa faili la kupakua. Kila wiki niliongeza safu nyingine, mpaka zikafika 14. Safu ambayo haikuwepo ni ile ya kuuliza mimi mwenyewe nataka kutengeneza gemu gani, kwa sababu jibu langu lilikuwa kubwa mno kuingia kwenye kisanduku: ulimwengu mpana usio na mipaka, wachezaji wengi mtandaoni, hali ya hewa inayobadilika, hadithi inayogeuka kwa kila uamuzi wa mchezaji. Mtu ambaye hajawahi kumaliza hata mchezo wa kubahatisha namba alikuwa anatafuta injini itakayobeba watu 500 kwa wakati mmoja.

Na juu ya jedwali hilo lilikuwepo swali ambalo wanaoanza wote huanza nalo: nijifunze lugha gani ya programu?

Swali hilo limekaa kichwa chini miguu juu. Kwenye gemu, mara nyingi huchagui lugha, injini inakuchagulia. Ukichukua Unity, utaandika C#. Ukichukua Unreal, ni C++, au Blueprint, ambako unaunganisha visanduku kwa nyaya badala ya kuandika. Godot ina lugha yake iitwayo GDScript, ingawa inapokea C# pia. GameMaker ina GML. Roblox ina Luau, LÖVE ina Lua, pygame ni Python. Ukioa injini, lugha yake ni shemeji: utaishi naye upende usipende, na usipopatana naye nyumba haikaliki.

Niseme kidogo injini ni kitu gani, maana nilitumia miezi bila kujua. Kila gemu, iwe ya karata au ya vita, inazunguka kwenye kitanzi kimoja. Inasoma mchezaji amebonyeza nini, inasogeza vitu, inaangalia nani kamgonga nani, inachora picha, kisha inarudi mwanzo. Kwa kawaida hufanya hivyo mara 60 kwa sekunde, na picha moja ya namna hiyo tunaiita fremu. Injini ni kitanzi hicho kikiwa kimeshaandikwa na watu wengine, pamoja na namna ya kutoa sauti, kusoma picha, kukokotoa migongano, na kihariri cha kupangia vitu kwa kuvuta na kuachia. Unachoandika wewe ni yale tu yanayoifanya gemu yako iwe yako.

Wala si lazima iwepo. Pong, iliyotolewa na Atari mwaka 1972, haikuwa na injini wala lugha. Haikuwa na mstari hata mmoja wa msimbo, yaani maagizo yanayoandikiwa kompyuta. Ilikuwa ni saketi tupu zilizounganishwa ili nukta iruke kati ya vipande viwili vya mwanga. Aliyeijenga, Allan Alcorn, alikuwa mhandisi mgeni kazini, na bosi wake Nolan Bushnell alimpa kazi ile kama zoezi la kumnoa, akimdanganya kwamba ni ya mkataba na General Electric. Mkataba haukuwepo. Napenda kulikumbuka jambo hilo kila ninaposikia mtu anaidharau Pong kwamba ni gemu ya kujifunzia. Ndivyo ilivyozaliwa.

Basi nilianza na C++, kwa sababu kuna mtu aliniambia kwamba asiyeanza nayo hatakuwa mwanaprogramu wa kweli. Watu wa namna hii wapo kila fani. Wiki tatu baadaye nilikuwa na dirisha jeusi na ndani yake pembetatu nyekundu. Siku niliyojaribu kuisogeza, programu ilizimika bila kusema neno, na nilitumia jioni nzima kugundua kwamba nilikuwa nasoma eneo la kumbukumbu nililokwisha kulifuta. Wapo watakaosema wiki zile zilinijenga. Hazikunijenga. Nilijifunza kuogopa kibodi.

Nikahamia Python na pygame, na hapo ndipo nilipofanya kosa moja lililonifundisha zaidi ya video zote nilizotazama. Mraba wangu ulikuwa unatembea vizuri kabisa. Nilikuwa nimeuambia: kila fremu, sogea pikseli 5, yaani nukta tano za skrini. Kwenye laptopu yangu chakavu ulikuwa unapita skrini kwa utulivu, kama mtu anayekwenda zake kazini. Nikamtumia rafiki yangu mwenye kompyuta mpya kabisa, nikakaa kusubiri pongezi.

"Ndugu yangu," akaniandikia, "nimeifungua. Kuna mraba ulikuwepo. Nikagusa kitufe, haupo tena."

Sikuwa nimeweka kikomo cha fremu. Laptopu yangu, kwa udhaifu wake, ilikuwa inachora fremu chache kwa sekunde. Ya kwake ilikuwa inachora mamia. Pikseli 5 mara mamia kwa sekunde si mwendo wa mtu anayekwenda kazini, ni risasi. Dawa yake ni kuacha kuhesabu kwa fremu na kuhesabu kwa muda: unauliza sekunde ngapi zimepita tangu fremu iliyotangulia, kisha unazidisha mwendo kwa kiasi hicho. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kiasi hicho ni kama 0.0167. Kompyuta ya kasi itapata kiasi kidogo mara nyingi, ya polepole itapata kikubwa mara chache, na mraba utafika ukutani wakati uleule.

Kosa langu lina ukoo wa heshima, kwa kweli. Kwenye Space Invaders ya mwaka 1978, wale wavamizi huongeza kasi kadiri unavyowaua. Si kwamba mtunzi wake, Tomohiro Nishikado, aliandika amri ya kuwaongezea mwendo. Prosesa ya wakati ule ilikuwa inahangaika kuwachora wote. Kila mmoja akifa mzigo unapungua, waliobaki wanakimbia. Aliona hivyo, akaona inanoga, akaacha. Mimi sikuwa na bahati hiyo. Wangu ulitoroka tu.

Nilipohamia LÖVE (ndiyo, nilihama tena) nilikuta fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina, inaitwa `love.update(dt)`. Nikaitazama ile `dt`. Nilipofungua Godot nikakuta `_process(delta)`. Unity nayo ina `Time.deltaTime`. Majina matatu, kitu kilekile: muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, ambao kwa kuukosa mraba wangu ulitoroka. Hapo ndipo nilipoacha kuogopa suala la lugha. Nilikuwa nimedhani kwamba nikichagua vibaya nitapoteza kila nilichojifunza, kumbe kinachopotea ni tahajia. Kitanzi, muda kati ya fremu, migongano, namna ya kukumbuka kama mhusika amesimama au yuko hewani, hivyo vyote unahama navyo. Lugha ya pili ilinichukua siku chache kuizoea. Ya tatu, jioni moja na nusu.

Kwa hiyo lugha yoyote itafaa? Karibu. Ningesita kwa C++ tu kwa anayeanza peke yake bila mwalimu, na sababu nimeshaitaja.

Injini ndiyo yenye tofauti, na tofauti yenyewe haikuwemo kwenye safu zangu 14.

Niliijua siku nilipojaribu injini moja kubwa, ambayo jina lake nitaliacha kwa sababu haikuwa na kosa. Laptopu yangu yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu ndiyo iliyokuwa na kosa, na mimi niliyeilazimisha. Niliipakua usiku kucha. Asubuhi nikaifungua, feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga, na kwenye kona ya skrini pakatokea hesabu ya vitu elfu kadhaa vinavyoandaliwa kwa ajili ya kadi ya grafiki. Nilikwenda kuoga. Nikarudi, bado. Ilipokubali hatimaye, mandhari ilikuwa ya kupendeza mno: milima, ukungu, jua linazama kwenye maji. Nikabadilisha namba moja, kasi ya mhusika, kutoka 300 hadi 350. Nikabonyeza kitufe cha kucheza.

Sekunde 90.

Nilijua ni 90 kwa sababu mara ya tatu nilipima kwa saa ya simu. Na tazama kilichonipata katika hizo sekunde 90. Kwanza, nilishika simu, na simu ikishikwa haiachwi kwa sekunde 90. Pili, na hili ndilo baya zaidi, nilianza kubadilisha mambo matano kwa mpigo ili nisisubiri mara tano. Gemu ikiharibika, sijui ni lipi kati ya matano lililoiharibu. Narudisha mawili, nasubiri. Narudisha la tatu, nasubiri. Wiki ya pili nilikuwa siifungui tena, na nilijiambia kwamba sina nidhamu. Nidhamu ilikuwepo. Jembe ndilo lilikuwa zito.

Tangu siku ile kipimo changu ni hicho: kutoka unapobadilisha namba hadi unapoiona ikifanya kazi kwenye skrini, kwenye mashine uliyonayo wewe, ni sekunde ngapi? Kwenye laptopu yangu pygame ilichukua kama sekunde moja. LÖVE, hata haikufika. Godot, sekunde nne hivi. Ukipima kwako utapata namba nyingine, na ndiyo maana hakuna video itakayokujibu.

Utauliza mbona basi sikubaki LÖVE. Kuna mtu anayejiita LocalThunk aliyeitumia kutengeneza Balatro, ile gemu ya karata ya mwaka 2024 iliyouza mamilioni ya nakala, kwa hiyo uwezo inao. Lakini LÖVE haina kihariri. Unaandika kwenye faili la maandishi, basi. Kwa gemu ya karata, ambako karata zinajipanga kwa hesabu, ni raha tupu. Mimi nilitaka gemu ya kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, na kila jukwaa nililazimika kuliweka kwa kuandika: mlalo 412, wima 288. Nacheza, naona liko juu mno. Wima 296. Nacheza. Sekunde ile moja ilikuwa inajirudia mara 40 kwa jukwaa moja, wakati kwenye kihariri ningelivuta kwa kipanya nikamaliza. Kumbe sekunde za kupanga nazo zinahesabiwa.

Hivyo ndivyo nilivyofika Godot. Ilianza Argentina, mikononi mwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 ikatolewa kuwa programu huria, ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha. Kihariri chake ni faili dogo linalofunguka bila hata kusakinishwa. GDScript inafanana na Python kwa sura: nafasi mwanzoni mwa mstari ndiyo inayoonyesha nini kimo ndani ya nini. Nilidhani sasa mambo ni shwari.

Hayakuwa. Nilipakua toleo la 4, lililotoka Machi 2023, kisha nikafuata mafunzo mazuri sana ya toleo la 3 bila kujua kwamba ni vitu viwili. Mwalimu kwenye video aliandika `KinematicBody2D`, jina la aina ya mhusika anayesogezwa kwa msimbo. Nami nikaandika, herufi kwa herufi. Injini ikaniambia haikijui kitu hicho. Nikakagua tahajia. Nikaifuta nikaiandika upya. Nikaenda mbele kidogo, akaandika `move_and_slide` akaijaza mabano kwa mwendo wa mhusika. Nami nikajaza, injini ikasema nimeipa vitu vingi mno. Jioni mbili. Kumbe kwenye toleo la 4 kile kitu kinaitwa `CharacterBody2D`, na mabano yale yanaachwa matupu kwa sababu mhusika anautunza mwendo wake mwenyewe. `onready` imewekewa alama ya @ mbele. `yield` imekuwa `await`. Hakuna kigumu hata kimoja katika hayo, lakini kwa anayeanza kila kimoja ni ukuta, kwa sababu hajui kama kakosea yeye au dunia imebadilika.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa kuhusu mafunzo, sisemi yapi ni mazuri. Nauliza ni ya toleo lipi, na wewe umepakua lipi. Namba ya kwanza ikilingana, endelea. Isipolingana, tafuta mengine, hata kama mwalimu yule anapendeza vipi.

Sasa nifike kwenye kuruka.

Ukiunda mhusika kwenye Godot 4, injini hujitolea kukuandikia msimbo wa kuanzia, na ndani yake mna namba mbili: mwendo ni 300, na nguvu ya kuruka ni -400. Hasi kwa sababu kwenye skrini hesabu huanzia juu kushuka chini. Kupanda ni kutoa. (Nililiona jambo hilo la ajabu kwa wiki moja, sasa naona grafu za hesabu ndizo zilizopinduka.) Mvutano wa ardhi ni 980. Ukipiga hesabu, mhusika anapanda pikseli 80 na kidogo, na anakaa hewani sekunde 0.8.

Nilimkalisha mpwa wangu wa miaka tisa acheze. Akaruka mara tatu, akaniangalia.

"Mjomba, huyu ni puto?"

Nikaongeza nguvu ikawa -520. Sasa anapanda juu zaidi, na anaelea zaidi. "Puto kubwa," akasema. Nikaongeza mvutano. Akawa anaruka kama amebeba gunia. Tulihangaika hivyo mpaka nikaelewa kwamba kinachokera si kupanda, ni kushuka. Nikaandika sharti dogo: akiwa anashuka, mvutano uzidishwe kwa 1.6. Mistari miwili. Nikabonyeza, sekunde nne, mpwa akaruka, akaruka tena, safari hii hakunitazama. Akaendelea kucheza.

Kisha malalamiko mengine yakaja: "Nilibonyeza! Mjomba, nilibonyeza kabisa, amekataa!" Nikamtazama vidole. Alikuwa anabonyeza akiwa ameshatoka ukingoni, kwa fremu mbili tatu hivi. Kwa sheria nilizoandika, mhusika alikuwa tayari hewani, na aliye hewani haruki. Sheria ilikuwa sawa na mtoto alikuwa sawa. Nikamwekea mhusika msamaha wa sekunde 0.1: baada ya kutoka ukingoni, kwa kipindi hicho bado anahesabiwa kuwa amesimama. Fremu sita. Gemu nyingi unazozipenda zinakudanganya hivyohivyo, na wala hujawahi kulalamika.

Alasiri ile nilibadilisha namba labda mara 60. Kwa sekunde nne nne, nilisubiri dakika nne kwa jumla. Kwenye ile injini kubwa ingekuwa dakika 90, na mpwa angekuwa ameondoka tangu puto la kwanza.

Kuhusu leseni na pesa, ambalo lilikuwa na safu tatu kwenye jedwali langu, nitapita haraka. Unreal inadai asilimia 5 baada ya mapato ya gemu kupita dola milioni 1. Ukiwa na tatizo hilo, nialike tusherehekee. Godot haidai kitu. Unity ndiyo iliyotoa somo: Septemba 12, 2023 walitangaza kwamba watatoza ada kwa kila mara gemu inaposakinishwa, ikipita viwango fulani. Watengenezaji wakawaka. Waliotengeneza gemu ya Terraria walitoa dola 100,000 kwa Godot na kiasi hichohicho kwa FNA, mradi mwingine wa zana za gemu. Masharti yakalegezwa ndani ya siku kumi, mkuu wa kampuni akaondoka Oktoba, na mwaka mmoja baadaye ada yenyewe ikafutwa kabisa. Wapo walioshauri anayeanza asiiguse tena Unity. Sikubaliani nao. Ukitaka kuajiriwa kwenye gemu za simu, C# na Unity bado ni njia iliyokanyagwa na wengi, na aliyeanza leo hana gemu ya kutozwa ada. Ila kwa gemu utakayoitunza miaka kumi, kujua kwamba hakuna atakayebadilisha masharti usiku ni usingizi mzuri.

Hata hivyo, jembe kuvunjika si mwisho wa shamba. Eric Barone alitengeneza Stardew Valley peke yake kwa miaka minne na zaidi, akitumia C# na zana za XNA za Microsoft. Mwaka 2013, akiwa katikati ya kazi, Microsoft ilikwisha kusema haitaziendeleza tena. Aliendelea. Gemu ikatoka 2016, na miaka mitano baadaye ikahamishiwa MonoGame, mrithi wa XNA. Gemu ya Vampire Survivors ilianza kwa lugha ya JavaScript na zana za Phaser, ikahamishiwa Unity baada ya kupata umaarufu. Na Terry Cavanagh alipouweka hadharani msimbo wa gemu yake VVVVVV mwaka 2020, gemu ikitimiza miaka kumi, wanaprogramu walistaajabu kukuta matukio ya gemu yamepangwa ndani ya fanksheni moja ndefu ajabu, sharti baada ya sharti. Watu walioicheza hawakuwahi kuliona hilo.

Juzi kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nataka kuanza gemu, unanishauri lugha gani?" Nikamjibu, "Mdogo wangu, gemu gani? Si ya ndoto yako. Ya mwezi huu." Akakaa siku mbili kimya. Akarudi na hadithi ya mazungumzo, ambamo mchezaji anachagua majibu. Sikumpa Godot. Nilimwelekeza Ren'Py, ambayo iliundwa kwa kazi hiyo hasa. Alifungua mchana, jioni akanitumia kurasa tatu zinazosomeka. Angesema fumbo la 2D, yaani la picha bapa, ningemtajia Godot au GameMaker, na gemu ya Undertale ilitoka huko kwenye GameMaker. Angesema anataka kucheza na wenzake wa darasani wiki ijayo, Roblox. Na kama angeshikilia ulimwengu mpana usio na mipaka, ningempa lile jedwali langu lenye safu 14, alimalizie.

Folda ya 12 ina gemu iliyokwisha. Ngazi tisa, dakika 15 za kucheza ukiwa huna haraka. Ina hitilafu mbili ninazozijua. Moja mpwa wangu aliigundua na ameniomba nisiirekebishe, kwa sababu inamvusha ngazi ya sita.

Wiki iliyopita alitaka kuona "ndani yake". Nikamfungulia msimbo, nikamwonyesha mstari wa nguvu ya kuruka. Akaniuliza kama anaruhusiwa kuugusa. Akafuta namba yangu, akaandika -4000. Mhusika akapaa, akapotea juu ya skrini, na sekunde saba hivi baadaye akaanguka palepale. Mpwa alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha, kabla sijasema kitu, akaongeza sifuri nyingine akabonyeza.

Tulikuwa bado tumekaa bega kwa bega tunatazama anga tupu, hakuna anayesogea, mama yake alipomwita mara ya pili.

"Nakuja," akasema. "Bado hajashuka."